Kozi za Jeshi za Mume Wangu Nimezisoma Mimi

Bi Kuruthum mpendwa, shikamoo. Nakuomba unisaidie, na kama utaweza nakuomba ujibu upesi, maana gazeti linatufikia huku kwa ndege ya Jumatano, na nimehesabu kwa vidole kwamba nikipeleka barua hii leo, jibu lako litanikuta kabla ya tarehe tisa Mei, na siku hiyo ndiyo inayonikosesha usingizi. Jina langu nimekuandikia nyuma ya bahasha, ni lako peke yako usilichape, kwani hapa Birkat al Mauz tunaosoma gazeti hili hatufiki kumi, na kila mmoja anamjua mwenzake hata kwa kikohozi.

Mimi ni mke wa askari. Nilizaliwa Unguja, Mjini, mwaka mmoja baada ya mambo yale ya 1964, nikasoma huko mpaka nikamaliza Form Six, na Kiingereza ndilo lililokuwa somo langu, mwalimu alikuwa akinisimamisha mbele ya darasa niwasomee wenzangu, na nilikuwa na tamaa kubwa ya kwenda chuo kikuu, lakini mwaka 1985 karatasi zetu za safari zikatoka, mama akasema tunakwenda kwetu, upande wa Maskati kwa babu zetu, na tulipofika Ibra nikaambiwa vyeti vyangu ni vya huko nilikotoka na Kiarabu sikijui kukiandika, basi nikakaa nyumbani nikisubiri, na mtu ukisubiri sana Bi Kuruthum, unafika pahala unasahau ulikuwa unasubiri nini.

Mwaka 1989 nikaolewa na Humaid, si jina lake hilo lakini tumwite hivyo, na wengine humu pia majina nimewabadilisha. Yeye kwao Bujumbura, babake alikuwa na duka Buyenzi, na shule alisoma kwa Kifaransa. Mama alinuna wiki nzima, akasema nimetoka Mjini nakwenda kuolewa na mtu wa Bara ambaye Kiswahili chake kama anatupa mawe. Lakini Humaid alikuwa mtu mpole, na bado ni mpole, nataka ulijue hilo kabla sijaendelea, hajanipiga hata siku moja wala hajanitukana.

Sasa sikiliza yalivyoanza. Wewe unaijua nchi hii, mtu yeyote aliyetoka Afrika, awe wa Unguja, awe wa Kigoma, awe wa Kongo, huku ana jina moja tu, Zinjibari, na Zinjibari kwao maana yake ni mtu anayejua Kiingereza. Mwaka 1993 mkubwa mmoja kambini kwao alikuwa anatafuta askari wa kuwapeleka kwenye kozi inayosomeshwa na walimu wa kigeni, akapita kwenye mstari, akamsimamia Humaid akamwambia, wewe Zinjibari, Kiingereza unakijua. Hakuuliza, alisema tu. Na Humaid masikini, badala ya kujibu kwamba yeye alisomeshwa na Wabelgiji na Kiingereza chake ni gudi moning tu, akasimama wima akasema na'am sidi, na jina likaandikwa.

Kozi zenyewe zilikuwa hivi, wiki mbili wanakaa darasani kambini kusikiliza tu, halafu miezi mitatu au minne wanapewa masomo ndani ya bahasha za kaki, kila bahasha ina maswali, unaandika majibu kwa Kiingereza kurasa kumi, kumi na tano, unarudisha. Siku aliyorudi na bahasha ya kwanza alikaa kitako ukumbini na kamusi tangu adhuhuri, jasho linamtoka, mpaka alasiri alikuwa amefika mstari wa sita. Akaniambia bila ya kunitazama kwamba Jumamosi atakwenda kusema ukweli na kambi nzima watamcheka. Mimi nikachukua penseli.

Mwanzo nilikuwa namfasiria tu na yeye anaandika. Halafu nikawa naandika mimi na yeye ananakili kwa mkono wake, akiuliza hapa umesema nini na hapa umesema nini. Halafu akaacha kuuliza. Kozi zote alizofanya mpaka 2003 ni saba, na ukitoa ile ya ghala iliyosomeshwa kwa Kiarabu, na ile ya kuongoza msafara wa magari kwenye mchanga wa Sharqiyah ambayo hiyo hata mimi nasema wazi hakuna aliyemshinda, zilizobaki tano ni zangu, nimezisoma mimi, jikoni kwangu, mtoto mapajani.

Na nilizipenda. Wallahi nilizipenda. Kulikuwa na swali moja kwenye kozi ya ugavi, watu mia na ishirini wako juu ya mlima wa Jabal Akhdar siku kumi na barabara imekatika, watapataje chakula na maji, wanyama wangapi wahitajike, kipi kipakiwe mwanzo na kipi mwisho. Nikamwendea jirani yangu mmoja bibi kizee ambaye watu wake ni wa huko juu, nikamuuliza kwa Kiarabu changu cha kuokoteza, punda mmoja anachukua viriba vingapi vya maji kabla hajagoma, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ushungi, kisha akaniambia yote, hata pa kupumzikia na kivuli cha saa ngapi. Niliandika kurasa kumi na nane. Karatasi iliporudi mwalimu alikuwa ameandika pembeni kwa wino mwekundu kwamba aliyeyaandika haya anajua kufikiri. Humaid alinionyesha akicheka, na mimi nikenda chooni nikalia, maana tangu niondoke Unguja hakuna mtu aliyewahi kuniambia neno kama lile, na hata hilo hakuniambia mimi.

Sasa nikuambie lililo chini kabisa. Hapa nilipo sina mtu. Majirani ni watu wema, watanipa tende na watanipa ndizi za shamba lao, lakini nikikaa nao wanazungumza mbiombio na mimi nabaki kutabasamu, miaka kumi na sita natabasamu. Mama ameshafariki. Dada yangu Ghaniya yuko Ibra, tunaonana Idi na kwenye harusi. Binti yangu Arwa ana miaka kumi na minne, nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiarabu, nikimwambia niletee kata ya maji ananiuliza kata nini. Na Humaid alikuwa anarudi kutoka kambini Jumatano, anakula, anaoga, anakwenda zake kwenye sabla kukaa na wanaume wenzake, Alkhamisi vile vile, Ijumaa jioni huyo anarudi kambini. Ila akiwa na bahasha. Akiwa na bahasha alikaa. Alitandika mkeka mwenyewe, akachonga penseli, akanipikia chai ya hiliki kwa mkono wake, akakaa pembeni yangu alasiri nzima nikisoma na kumweleza, na hata alipoacha kunisikiliza alikuwa amekaa. Basi kozi ya nne alipoimaliza akasema khalas, kuanzia hapo si lazima tena. Mimi ndiye niliyemwambia ajiandikishe nyingine. Nilimwambia itakufaa kazini, utapanda cheo, nikamsukuma mpaka akafanya tatu zaidi. Hakuna anayelijua hili, hata yeye mwenyewe anafikiri nilimtakia cheo.

Mwaka jana hapa karibu yetu kukafunguliwa chuo kikuu, na wakatangaza kwamba mtu mzima aliyewahi kusoma kozi za kazini, pamoja na za jeshi, anaweza kuhesabiwa kama kwamba ameshasoma sehemu ya masomo ya chuo. Wao wanahesabu kwa saa, kila somo lina saa zake, ukizitimiza zote unapata digrii. Humaid ana miaka arubaini na mitatu, anastaafu mwakani, na anaitaka digrii hiyo apate kazi ya ofisi, na kwa kozi zake saba wanaweza kumpa saa thelathini na tatu, yaani mwaka mzima na zaidi amesharuka. Lakini wana sharti. Tarehe tisa Mei atakaa mbele ya watu watatu, watamuuliza kozi moja moja kwa Kiingereza, na watampa swali moja aliandike pale pale mbele ya macho yao.

Alirudi na habari hiyo ana furaha kama mtoto wa siku ya Idi, akaniambia tuna wiki nane, utanifundisha. Na tangu siku hiyo Bi Kuruthum anarudi nyumbani kila siku, si Jumatano tu, anaendesha gari kutoka kambini kila alasiri na mkeka unatandikwa, na mimi ndiye ninayemfundisha kozi alizokwisha kupasi. Haziingii. Juzi nilimuuliza lile swali la mlima, nikamwambia tuseme wao wamekuuliza, wanyama wangapi, akanitazama.

"Sijui. Wewe uliandika wangapi?"

Ningecheka kama si mimi niliyeyataka haya. Na aibu yangu ni kwamba nina raha. Najua anakwenda kuumbuka, au anakwenda kudanganya, na mimi kila alasiri nasikia gari linaingia na moyo unafurahi kama msichana aliyeposwa jana.

Jambo la mwisho. Siku tuliyopeleka karatasi zake chuoni, kijana wa kike aliyekuwa akiandikisha, jina lake Ghadeer, alinisikia nikimsaidia Humaid kujaza fomu, akaniuliza na mimi je, sitaki, akasema wanawake wazima wapo na masomo ya jioni yapo, mtihani wa kuingia ni tarehe ishirini na moja Mei, Jumamosi. Akanipa fomu. Garini Humaid akaiona mkononi mwangu, na hakusema kwa ubaya, alisema huku anageuza gari.

"Wewe unajua tayari. Cheti utakifanyia nini?"

Niliikunja nikaitia mkobani, na hatukulizungumza tena. Wiki iliyopita niliandika barua kwa wale watu watatu nikawaeleza kila kitu, kozi gani na mwaka gani, nikaisoma, nikaichana. Nikampigia simu Ghaniya, akaniambia mwache aanguke apate adabu, lakini Ghaniya mumewe yuko dukani mlango wa pili na anakula naye mchana na jioni, yeye kusema ni rahisi.

Nifanyeje? Nimfundishe mpaka adanganye vizuri? Au nimwache aende akaumbuke, na habari irudi kambini akiwa na mwaka mmoja tu kustaafu? Au niende mwenyewe niseme kazi ile ni yangu, saa zile wanipe mimi? Nikisema atanichukia, na nitabaki peke yangu. Nisiposema, akapita, atakuwa chuoni kila jioni, na nitabaki peke yangu vile vile.

Mke wa Askari,
Birkat al Mauz, 26 Machi 2005

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeipisha mbele ya nyingine kumi na moja, wenyewe wanisamehe. Nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nimeisoma kama mshauri nikasikitika, na mara ya pili kama mwalimu, maana nilisomesha wasichana miaka ishirini na mbili, na nimeona sentensi zako hazina breki lakini hazijapotea njia hata moja. Mimi nami niko nchi hii hii, Sur, watoto wangu wote Maskati, na nakujua kutabasamu huko unakokusema. Mashavu yanauma. Basi usidhani umemwandikia mtu asiyejua.

Sasa nikugombeze kidogo.

Umeniandikia kama mtu aliyeibiwa. Nani kakuibia? Kozi ya kwanza ulimwonea huruma mumeo, sawa, mke yeyote angefanya hivyo, na Mungu alipe huruma hiyo. Ya pili mpaka ya nne nazo nazipitisha. Lakini tatu za mwisho ulimsukuma wewe, na umenieleza sababu kwa kalamu yako mwenyewe, kwamba bila ya bahasha hakai. Umempa mtu akili yako kwa kikombe cha chai, mwanangu, na kila mwaka ukaongeza bei wewe mwenyewe juu yako. Na hilo la watu wa Bara na Kiswahili cha kutupa mawe nakuomba uliache huko huko kaburini kwa marehemu mamako, Mungu amrehemu. Mumeo aliingia kwenye shimo hili kwa sababu wenzetu wa huku wanatutia sote kapu moja, na sisi wenyewe majumbani tunakaa kupimana nani Mjini nani Bara.

Humaid naye, maana najua gazeti hili utaliacha wazi mezani na atalisoma, nina maneno naye. Mwanangu Humaid, mficha uchi hazai. Siku ile mstarini ungesema "sikijui, sidi," ungechekwa wiki moja. Wewe umeiogopa wiki moja hiyo kwa miaka kumi na miwili. Na mke anayekuandikia kurasa kumi na nane za punda na viriba, ukamwambia cheti atakifanyia nini! Kakifanyia nini chako? Alikitolea jasho yeye, akakupa wewe. Uliza vizuri.

Nimerudi kwako, bibi. Hayo matatu uliyoniuliza yote siyataki. Usimfundishe kudanganya, kwani watu watatu waliosoma watamjua kwa swali la pili, na hapo ndipo habari itakapopanda gari kurudi kambini. Usimwache aende akaanguke na wewe umekaa unajua, hilo Ghaniya akusamehe, ni ukatili, na siku akianguka wewe ndiye utakayekaa naye. Wala usende chuoni nyuma ya mgongo wake. Hizo saa hawatakupa. Karatasi zina jina lake, kozi ni za askari na wewe hukuwa askari, na mbele ya wale watu aliyesema uongo na aliyeuandika uongo ni kitu kimoja. Saa zile zimekwenda, mwanangu. Hazitakuwa zake na hazitakuwa zako, hazitakuwa za mtu yeyote. Naona bora nikuambie wazi kuliko kukupaka mafuta. Zililie siku moja nzima, zinastahiki kuliliwa, ulizifanya vizuri. Halafu basi.

Kinachowezekana ni hiki. Wewe umesema saba, kisha ukaniambia mbili alizifanya mwenyewe, ile ya ghala na ile ya kuongoza magari kwenye mchanga, na ya mchanga hakuna aliyemshinda. Ala! Mbona hizo mmezitupa pembeni kama vile si kitu? Kabla ya mwisho wa Aprili, Humaid aende chuoni mwenyewe kwa miguu yake, aseme anaondoa maombi ya kozi tano na anabakisha mbili. Hana haja ya kutoa hotuba. Aseme, hizi mbili ndizo ninazoweza kuzisimamia. Mtu kupunguza maombi yake halalamikiwi, na hakuna atakayepiga simu kambini kwa sababu mwanafunzi ameomba kidogo. Tarehe tisa akae mbele yao azungumzie magari na mchanga, kwa Kiingereza kibovu, kwa Kiarabu, kwa mikono, watamwelewa, kwa sababu anachokisema atakuwa anakijua. Wampe saa sita, wampe tisa, zitakuwa zake na hataziota usiku.

Baada ya hapo aingie darasa la mwanzo la Kiingereza na hao watoto wa miaka kumi na minane. Ndiyo, atakaa nao. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ana miaka arubaini na mitatu, magoti bado yanakunja. Unaweza kumsaidia kusoma, lakini penseli aishike yeye, na siku utakayoishika wewe nitajua, sijui nitajuaje lakini nitajua.

Na wewe fomu itoe mkobani leo, kabla hujamaliza kusoma ukurasa huu. Ijaze kwa jina lako la kuzaliwa. Tarehe ishirini na moja uende ukafanye mtihani. Umekuwa ukifanya mitihani ya jeshi miaka kumi kwa jina la mwanamume na hujafeli hata mmoja, sasa utafanya mmoja kwa jina lako, na nakuhakikishia huo utakutia hofu kuliko yote mitano. Vyema. Hofu hiyo ni yako. Huyo msichana Ghadeer alikuona kwa dakika tano akajua, na mimi nimekuona kwa kurasa nne nikajua. Arwa atakuona jioni umeshika kitabu, na pengine siku moja atauliza jambo, na hapo umjibu Kiswahili, polepole, hata kama kata ataiita kikombe.

Sasa la upweke, maana mengine yote ni karatasi na karatasi zina dawa. Nimeitafuta barua yako yote, mwanangu, nikitafuta mahali ulipomwambia Humaid, "Kaa na mimi." Sikupaona. Ulimwambia jiandikishe, ulimwambia utapanda cheo, ulimwambia lete nikusomee. Hilo moja hukulisema hata siku moja tangu 1989. Labda uliogopa jibu. Mwanamume naye, tena mpole kama huyo, akiona mke kimya anadhani mke ameshiba, anachukua bakora yake anakwenda sabla. Sikusudii kumtetea, nakueleza tu walivyo.

Basi Jumatano hii, akishakula, kabla hajavaa kofia, umwambie. Usiandae kitu. Usitoe daftari, usitandike mkeka wa masomo. Useme kwa mdomo wako, kwa Kiswahili, kwamba hutaki aende leo, unataka akae, na kwamba bahasha zile ulizipenda kwa sababu zilimkalisha. Aisikie sentensi hiyo yote mpaka mwisho.

Huenda akakaa. Watu wapole huwa wanakaa wakiambiwa, na mara nyingi wao wenyewe walikuwa hawajui kama wanahitajiwa. Na huenda asikae. Huenda akakutazama, akasema wenzangu wananingoja, akatoka. Hapo utalia, na mimi sitakudanganya kwamba hutalia. Utalia wiki kadhaa, na Jumamosi ile utakwenda kufanya mtihani macho yamevimba. Wanawake wengi tumefanya mitihani macho yamevimba. Tumepasi.

Bi Kuruthum